Mume wangu Mthai anaugua, na nyumba tunayoishi haina jina langu

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 47, mzaliwa wa Voi. Huu ni mwaka wa 16 naishi Chanthaburi, mashariki mwa Thailand. Mume wangu nilikutana naye kwetu. Alikuja kununua mawe, yale ya kijani yanayochimbwa upande wa Tsavo, nami nilikuwa nauza chai na mahamri pale mabroka walipokuwa wakimsubiri. Alikunywa chai yangu siku 4. Siku ya 5 akaniuliza jina.

Hapa Chanthaburi kuna barabara ambayo mwisho wa wiki hugeuka soko la mawe. Mnunuzi anakodi meza na kiti, mabroka wanapanga foleni na vifurushi vyao, mawe ya Kenya, ya Tanzania, ya Msumbiji yanamwagwa kwenye karatasi nyeupe. Meza yetu ilikuwa moja, yeye akitazama jiwe na mimi nikitazama uso wa anayeuza. Tumeishi vizuri kwa meza hiyo mpaka figo zake zilipokataa kazi. Sasa ana miaka 63 na anasafishwa damu mara 3 kwa wiki. Akirudi analala mpaka jioni.

Tulioana kwa heshima zote. Watawa 9 walikuja alfajiri, tukavishwa ule uzi mweupe vichwani, wazee wakatumwagia maji mikononi mmoja baada ya mwingine. Picha iko ukutani mpaka leo.

Ardhi tunayoishi aliachiwa na baba yake. Nyumba tuliijenga 2014, kwa faida ya mawe na kwa pesa ya kiwanja changu cha Voi nilichokiuza. Nyuma ya nyumba kuna miti ya doriani na mangustini. Hati ya ardhi ni ya jina lake peke yake, na kila mtu ananiambia mgeni hawezi kumiliki ardhi huku, basi nikaacha kuuliza.

Hatukujaliwa mtoto. Ana mwana mmoja wa mke wa kwanza, nilimpokea akiwa na miaka 11, sasa ana 27 na anafanya kazi Rayong. Nilimlea, Mama. Lakini mwezi wa 3 alikuja na watu 2 wenye chombo cha kupimia chenye miguu mitatu, wakapima kutoka kona ya nyumba mpaka kwenye mtaro. Sikuambiwa kitu. Nilipomuuliza mume wangu akasema, "Si kitu, nenda kapumzike." Mama mkwe anaishi nyumba ya pili, ana miaka 86, hanisemi vibaya. Ila wifi yangu aliniuliza tukiwa tunapasua doriani jikoni, huku anacheka: "Kaka akiondoka, wewe utarudi kwenu Afrika, sivyo?"

Kwetu wapi? Kaka zangu waligawana shamba la baba, wakaniambia mimi nimeolewa Asia.

Nimejaribu kuzungumza na mume wangu kuhusu wosia. Alinyamaza siku 2. Mara ya pili akasema namwapiza. Basi usiku mmoja nikaandika wosia mwenyewe kwenye kompyuta, kwamba nyumba na ardhi ni zangu, nikauchapa. Uko chini ya godoro. Nafikiri kumpa atie sahihi siku akiwa na nguvu, mashahidi tuwe mimi na rafiki yangu Mfilipino. Lakini kila nikimtazama amelala na bendeji mkononi naona aibu, kama vile nahesabu siku zake.

Je, ni haki yangu kuomba? Na akifa kesho, nitatolewa?

Mtaita wa Mbali

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Kabla ya yote, toa ile karatasi chini ya godoro. Sisemi uichane. Nasema usimpe mume wako aitie sahihi, maana sheria ya Thailand iko wazi hapo: aliyeandika wosia, au aliyeushuhudia, hawezi kurithi kwa wosia huohuo, na wala mume au mke wake hawezi. Wewe ungekuwa mwandishi na shahidi kwa pamoja. Ungejifungia mlango mara mbili, tena kwa mkono wako. Nimeanza na hili kwa sababu barua hukaa kwa mhariri, na wewe ungeweza kuamka kesho ukamkuta mzee ana nguvu.

Mimi si wakili, na wakili utamhitaji, wako mwenyewe, si yule wa familia. Lakini nimekaa na barua yako wiki 3 na tafsiri ya sheria yao ya kiraia mezani, na yapo mambo unayoyaogopa ambayo hayako jinsi unavyodhani, na mengine hukuyataja kabisa.

Nianze na picha iliyo ukutani. Umenieleza watawa, uzi na maji, nikayaona. Lakini hukuniambia kama mlikwenda amphoe, ofisi ya wilaya, kusajili ndoa. Kwa sheria yao ndoa ni usajili. Arusi ya watawa 9 bila daftari la amphoe ni baraka tu, na aliyebarikiwa hivyo hahesabiwi mke siku ya mirathi. Kama mlisajili, mna cheti, na nakala inapatikana amphoe. Kama hamkusajili, yote nitakayosema kuhusu urithi wa mke hayakuhusu mpaka msajili, na hilo linawezekana madhali nyote mko hai na mnaweza kusema ndiyo. Kwa Mkenya kunatakiwa karatasi ya kuthibitisha huna ndoa nyingine; pa kuanzia ni ubalozi wetu wa Bangkok.

Sasa tuseme mlisajili. Umeishi na sentensi moja miaka 16, kwamba mgeni hamiliki ardhi, na ukaielewa kwamba mgeni hana chochote. Hayo ni mambo mawili. Mke aliyesajiliwa ni mrithi, awe Mthai au Mtaita. Mume wako akifariki bila wosia, warithi wake ni mwanawe, mama yake, na wewe. Mama mzazi akiwa hai huhesabiwa fungu la mtoto, na mke vilevile, kwa hiyo mafungu ni 3 sawasawa. Tena kabla ya kugawa, kilichochumwa ndani ya ndoa hukatwa nusu: nusu ni yako tangu mwanzo, wala si urithi. Ardhi ya babake haimo humo, hiyo ni mali yake binafsi. Lakini nyumba ya 2014? Faida ya mawe? Hapo una la kusema, ukiwa na ushahidi. Tafuta risiti za saruji na nondo, kibali cha ujenzi kina jina la nani, na ile karatasi ya benki ya pesa za kiwanja cha Voi. Usitegemee kitabu cha nyumba. Kile cha njano wanachopewa wageni kinaonyesha anayekaa, hakionyeshi anayemiliki, na hata kile cha buluu cha Wathai ni hivyohivyo.

Tatizo linakuja kwenye ardhi yenyewe. Sheria yao ya ardhi ya 1954 inamruhusu mgeni aliyerithi kuomba kibali cha waziri, lakini usijenge matumaini yako juu ya kibali hicho. Asiyepata hupewa muda wa kuiuza, kati ya siku 180 na mwaka 1, na pesa ni zake. Kwa hiyo swali lako la "nitatolewa?" lina majibu mawili. Hakuna anayekutoa usiku ule wa msiba na mabegi barabarani. Lakini bila karatasi nyingine, fungu lako litakujia kama pesa, na wewe hukuniandikia kuomba pesa. Umeniandikia kuhusu ile nyumba na ile miti.

Karatasi nyingine ipo, tena ina jina zuri. Wenyewe wanaiita sitthi kep kin. Kep ni kuchuma, kin ni kula: haki ya kuchuma na kula. Ardhi inabaki ya mwenyewe, ila wewe unakaa, unatumia, unavuna doriani na kuuza, maisha yako yote au kwa miaka isiyozidi 30. Huandikishwa ofisi ya ardhi, nyuma ya hati yenyewe, na akiiuza mwenye ardhi, mnunuzi anakununua pamoja na haki yako. Ina dada yake mdogo, sitthi asai, haki ya kukaa tu bila kodi: unalala, unapika, na kama hukukatazwa unachuma matunda ya kutumia nyumbani tu, lakini si ya kuuza, wala huwezi kupangisha. Ipo pia ya tatu inayofanya nyumba iwe mali yako juu ya ardhi ya mwingine, na upo mkataba wa kukodi wa miaka 30. Mwambie wakili akueleze zote. Mimi nimebaki na hizi mbili kwa sababu zinafanana na maisha uliyonieleza.

Usizishangilie bado. Sheria hiyohiyo inasema mkataba kati ya mume na mke, uliofanywa ndani ya ndoa, mmoja wao anaweza kuubatilisha wakati wowote wakiwa wameoana, au ndani ya mwaka 1 baada ya ndoa kwisha. Kwa hiyo haki uliyopewa na mume moja kwa moja ina ufa. Muulize wakili ufa huo ni mpana kiasi gani akishafariki, na usikubali jibu la haraka.

Hapo ndipo ninapomleta yule kijana, na najua moyo wako umejikunja. Baba anaweza kumpa mwanawe ardhi sasa hivi, kwa masharti kwamba palepale kwenye dirisha la ofisi ya ardhi, siku hiyohiyo, haki ya kuchuma na kula iandikwe kwa jina la baba na jina lako. Mkataba huo si wa mume na mke tena, ni wa mwenye ardhi mpya na ninyi wawili. Mtu ambaye umemlalia macho tangu mwezi wa 3 ndiye ambaye sahihi yake huenda ikawa imara kuliko zote. Hatari yake unaiona: ardhi inakuwa yake, na akikuchukia utaishi miaka na mwenye nyumba anayekuchukia. Sheria itakulinda juu ya paa, kwenye salamu haikulindi.

Na wale wapimaji. Umewaona na chombo chao na ukahitimisha. Mimi nimejiuliza: ardhi hupimwa lini? Hupimwa ikiuzwa, ndiyo. Hupimwa pia ikigawanywa hati mbili, kwa mfano nyumba upande mmoja na shamba upande mwingine. Na mtu anayetaka kumwachia mkewe haki ya nyumba, na mwanawe miti ya doriani, lazima aanzie kwenye kupima. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema ulimuuliza mgonjwa aliyetoka kusafishwa damu akakwambia si kitu, na kijana mwenyewe hukumuuliza. Ulimpokea akiwa na miaka 11. Mtoto wa umri huo alikula nini cha kwenu akakipenda? Kama ni mahamri, pika mahamri, kisha muulize walikuwa wanapima nini.

Uliuliza kama ni haki yako kuomba. Nadhani kilichokuumiza zaidi ni jinsi ulivyoomba. Umemwendea mtu anayepigania uhai kwa neno wosia, neno la kaburini. Kwao na kwetu hapana tofauti. Marehemu baba yangu mwenyewe alimfukuza mjomba sebuleni kwa neno hilohilo, na mjomba hakuwa na nia mbaya. Lakini kuchuma na kula si neno la kaburini. Unaweza kuketi naye barazani jioni akishaamka, ukamwuliza, "Miti hii, unataka nani aichume mwaka huu? Na mwaka kesho?" Anaweza kulijibu hilo bila kujiona amekwisha kufa. Na kama mama yake hakusemi vibaya, jinsi unavyosema, huenda ukamwomba yeye aanze maneno. Mzee wa miaka 86 anaruhusiwa kutaja mauti mezani.

Akikubali wosia siku moja, njia halali hazimchoshi mgonjwa. Anaweza kuuandika wote kwa mkono wake mwenyewe, na tarehe na sahihi, bila shahidi hata mmoja. Mkono ukitetemeka, anaweza kusema kwa mdomo mbele ya ofisa wa amphoe na mashahidi 2, ofisa akaandika, na wakiombwa hufanya hivyo hata nje ya ofisi. Katika wosia anaweza kumpa mwanawe ardhi na wewe haki ya kukaa, na kutaja msimamizi wa mirathi. Udhaifu wake ni kwamba wosia hubadilishwa saa yoyote, na baada ya kifo bado utahitaji mahakama imthibitishe msimamizi, kisha msimamizi huyo akusajilie haki yako. Kama msimamizi ni mtu asiyeamka kwa ajili yako, utangoja. Na usingojee Voi! Dai la urithi lina muda wa mwaka 1 tangu ulipojua kifo. Wajane wetu wengi huenda nyumbani kuomboleza wakakaa, wakirudi wanakuta mlango umebadilishwa kufuli.

Liko jambo ambalo hukuligusa, nalo linanikosesha usingizi kuliko hati. Kibali chako cha kuishi Thailand kimesimama juu ya nini? Kama ni cha mke wa Mthai, sababu hiyo inakwisha naye. Unaweza kuwa na haki ya nyumba maisha yako yote na usiwe na haki ya kulala nchini. Kibali cha wastaafu kinaanzia miaka 50, na baht 800,000 benki au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, na hakiruhusu kazi, hata ya meza ya mawe. Wewe una 47. Hiyo miaka 3 ndiyo ya kuizungumza na wakili mapema, pamoja na kibali cha kazi kama mnaweza kuisimamisha biashara kwa jina lako.

Ipo pia njia ambayo wanaume wageni waliooa huko hawana kwa wepisi huo. Sheria yao ya uraia ya 1965 inamruhusu mwanamke mgeni aliyeolewa na Mthai kuomba uraia wa mumewe. Inachukua muda, uamuzi ni wa waziri, na inakuhusu ukiwa mke, kwa hiyo saa inakimbia. Lakini ukiwa raia, habari ya mgeni na ardhi imekwisha. Kwetu Kenya katiba ya 2010 haikunyang'anyi uraia wa kuzaliwa kwa kuchukua wa pili, ila utatakiwa kuitaarifu serikali ndani ya miezi 3. Najua swali hili ni zito kuliko pasipoti. Kuna mtu anaweza kubadilisha karatasi asijisikie amehama, na kuna ambaye hawezi. Wewe ni yupi, sijui.

Kuhusu kaka zako, kwa ufupi: sheria ya urithi ya Kenya haimtoi binti kwa sababu ameolewa, Asia wala Mwatate. Unaweza kulidai. Lakini usilidai mwaka huu kwa hasira za wifi. Mbio mbili kwa miguu miwili tu zinamwangusha mtu, na huko uliko kuna mgonjwa.

Wifi yako sina la kumwambia. Huenda aliuliza kwa ubaya, huenda ni mtu anayecheka akiogopa. Naye pia, kaka yake anakufa.

Kabla ya wakili, kabla ya kijana, fanya jambo moja dogo. Hati ya ardhi uliiona mara ya mwisho lini? Iulizie kwa upole, au mwombe mama mkwe. Kwanza, iko nyumbani au iko benki kama dhamana? Kama iko benki, hakuna kitakachoandikwa nyuma yake bila benki kukubali. Pili, juu ya karatasi kuna yule ndege wa serikali yao, nusu mtu. Akiwa mwekundu, hiyo ni hati kamili, chanote, na haki ya kuchuma na kula huandikwa juu yake. Akiwa wa kijani au mweusi, ni hati ya daraja la chini, wakili aitazame. Akiwa wa buluu, hiyo ni ardhi ya mgawo wa wakulima, haiuzwi wala haiwekewi haki kama hizi, na mengi niliyoandika hapa itabidi tuyaanze upya.

Niandikie unijulishe ndege ni wa rangi gani.